Uzi: Kondrosakoma ya kitako cha fuvu, na kwa nini isiitwe kodoma kabla haijathibitishwa

#1 DarubiniMbili

Wakuu, uzi huu ni wa uvimbe mmoja tu: kondrosakoma, yaani saratani ya gegedu, ile inayoota kwenye kitako cha fuvu. Ni adimu kiasi kwamba ukihesabu vimbe mia tano za ndani ya fuvu unaweza usiikute hata mara moja. Nimeufungua kwa sababu uvimbe huu una jirani anayefanana nao mno, kodoma (saratani nyingine ya mfupa inayoota hapo hapo), na wawili hawa wakibadilishana majina anayeumia ni mgonjwa. Kodoma ina tabia ya kurudi na kuua. Wenye kondrosakoma ya daraja la chini (yaani isiyo kali), wakitibiwa sawasawa, wengi wao huja kufa kwa mambo mengine kabisa.

Tuanze na mahali. Mifupa ya paa la fuvu hutokana na utando. Ya kitakoni hutokana na gegedu linalogeuka mfupa polepole, na pale mifupa inapokutana hubaki masalia ya gegedu. Maungio yanayosumbua zaidi ni yale kati ya ncha ya mfupa wa panja (sehemu ngumu kama jiwe inayobeba sikio la ndani) na mfupa wa kisogo. Katika wagonjwa 200 wa Hospitali ya Massachusetts General, Boston, walioripotiwa mwaka 1999, asilimia 66 walikuwa na uvimbe kwenye makutano ya panja na kisogo, asilimia 28 kwenye klivasi (ule mteremko wa mfupa ulio mbele ya shina la ubongo), na 6 mbele zaidi kwenye mifupa ya sfenoidi na ethmoidi, nyuma ya pua.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kodoma hupenda katikati, kondrosakoma hupenda pembeni. Lakini angalieni hiyo 28. Kanuni ya mahali inakuelekeza tu, haikupi jibu.

Walio kliniki waanze na dalili, halafu wa picha. Mimi nitarudi kwenye maabara.

#2 NevaKumiNaMbili

Dalili ya kwanza mara nyingi ni kuona viwili viwili. Neva ya sita, inayovuta jicho kwenda nje, hupita kwenye kijia chembamba juu kabisa ya ncha ya mfupa wa panja. Uvimbe ukiinuka kidogo tu neva inabanwa. Maumivu ya kichwa huwapo, ila maumivu ya kichwa yako kila mahali, hayatakusaidia.

Namna ya kupima ukiwa na tochi na kidole tu:

Mwambie afunike jicho moja. Picha ya pili ikitoweka, tatizo ni macho kutoelekea mahali pamoja, fuatilia neva. Ikibaki hata jicho moja likiwa limefunikwa, tafuta mtoto wa jicho au kasoro ya konea na usipoteze muda wa MRI.

Kisha aangalie kulia na kushoto. Wa neva ya sita atasema picha zimekaa ubavu kwa ubavu, na zinaachana zaidi akiangalia mbali na akielekeza macho upande wenye ugonjwa.

Halafu shuka neva moja moja. Ya tano: ganzi ya uso, na gusa konea kwa ncha ya pamba. Ya nane: uma wa sauti wa 512 Hz, na mwulize kuhusu kelele za sikioni. Za chini, kuanzia ya tisa hadi ya kumi na mbili: sauti iliyokwaruza, kupaliwa na maji, bega lililoshuka, ulimi unaopinda akiutoa. Hizi za chini zikiguswa ujue uvimbe umeshuka hadi maeneo ya tundu la mshipa wa jugulari.

Kosa ninaloliona kwenye barua za rufaa ni hili: mtu mzima mwenye kisukari au presha akipooza neva ya sita, anaambiwa ni sukari, atapona. Ni kweli wengi hupona, ndani ya takriban miezi mitatu. Asiyepona kwa muda huo, au aliyeongeza neva nyingine, au kijana asiye na sukari wala presha, huyo apigwe picha. Tena kabla ya yote chungulia mboni kwa ofthalmoskopu. Presha ya ndani ya kichwa ikipanda kwa sababu yoyote inaweza kupooza neva ya sita bila uvimbe wowote kuwa pale.

#3 Mganga_wa_Kata

Asante #2. Swali la watu wa mashinani: CT ya kichwa ya kawaida, bila dawa ya kung'arisha picha, inatosha kuuona?

#4 PichaNyeusi

Mkuu #3, inaweza kuuona ukiwa mkubwa, na inaweza kuupita kabisa ukiwa mdogo. CT ya kichwa ya dharura hukatwa vipande vya milimita 5, hutazamwa kwa dirisha la ubongo, na sehemu ya chini hujaa michirizi ya mfupa. Ripoti inasema "hakuna kasoro" na mgonjwa anarudi nyumbani anaona viwili viwili.

Kwenye fomu andika hivi: CT ya kitako cha fuvu, vipande visivyozidi milimita 1, dirisha la mfupa, na ushuke hadi uti wa pili wa shingo. Hayo maneno machache yanabadilisha kipimo chote. Unachotafuta ni mfupa ulioliwa kwenye makutano ya panja na kisogo, na ndani ya uvimbe chokaa chenye umbo la pete na nusu pete. Chokaa hicho kikiwapo kinasema gegedu. Kisipokuwapo hakikanushi kitu, maana vimbe nyingi za aina hii hazina chokaa cha kuonekana.

Kwa MRI ninayoiomba (T1 na T2 ni aina mbili za picha zake): T1 kabla ya dawa, T2, T1 yenye kuzima mafuta baada ya gadoliniamu 0.1 mmol kwa kilo kwenye pande zote tatu, T2 nzito ya vipande vya chini ya milimita 1 ili neva zionekane moja moja, na picha ya mtawanyiko wa maji. Usisahau kuzima mafuta. Mfupa wa kitako cha fuvu una uboho wa mafuta unaong'aa kwenye T1, na uvimbe uliokunywa dawa unajificha humo humo.

Kondrosakoma kwenye T2 inang'aa mno, karibu na maji ya ubongo. Kwenye T1 ni ya kijivu hadi nyeusi. Inakunywa dawa kwa mabaka, kama asali iliyomwagwa kwenye sega. Kodoma nayo inang'aa kwenye T2, ndiyo maana wanachanganywa. Kinachowatenganisha vizuri zaidi ni mtawanyiko. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2013, wastani wa ADC (kipimo cha jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama) kwa kondrosakoma ulikuwa 2051, kodoma ya kawaida 1474, na kodoma iliyoharibika zaidi 875 (vyote vikizidishwa na 10⁻⁶ mm² kwa sekunde). Seli za gegedu zimekaa mbalimbali ndani ya maji mengi, maji yanatembea. Ila pima mahali pasipo chokaa wala damu, na kumbuka hewa ya sinasi hupotosha picha za mtawanyiko za kasi. Kama mashine ina mbinu isiyopotoshwa na hewa, itumie hiyo.

#5 PichaNyeusi

Naongezea orodha ya wanaojifananisha, kwa ufupi. Meninjioma haing'ai hivyo kwenye T2 na huacha mkia kwenye dura (utando mgumu unaofunika ubongo). Shwanoma ya neva ya tano hupanua tundu bila kulila. Paraganglioma ina vidoti vyeusi vya mishipa ya damu inayokwenda kasi. Granuloma ya kolesteroli inang'aa kwenye T1 hata kabla ya dawa. Epidemoidi inawaka kwenye mtawanyiko. Na kuna kile kinachoogopesha watu bure: ncha moja ya panja ina mafuta, nyingine ina vyumba vya hewa, zikawa hazilingani. Hilo si ugonjwa. Liandikwe hivyo, mgonjwa aachwe.

Mfupa wa panja karibu na kiungo cha taya ni habari nyingine. Huko vipo vimbe vya gegedu visivyo saratani, na amana za fuwele za kalsiamu zinazoonekana kama kondrosakoma kabisa. Ukiona chokaa kizito kuzunguka kiungo cha taya, usikimbilie jina la saratani.

#6 Boriti

Sasa kinyama cha kupimwa maabara kinachukuliwaje? Maana hospitali nyingine zinachukua tu kipande kupitia puani halafu ndipo wanatafuta pa kumpeleka.

#7 KisuNaEndoskopi

Hapo ndipo mambo huharibikia, #6. Mambo mawili.

Kwanza, usichome chochote kwenye ncha ya panja kabla hujaona mishipa. CT ya mishipa au MRI ya mishipa ifanyike. Ateri ya karotidi ya ndani inapita hapo hapo, na uvimbe huizunguka au kuisukuma. Kinachodhaniwa uvimbe kinaweza pia kuwa karotidi iliyovimba, au paraganglioma itakayomwaga damu.

Pili, anayechukua kinyama awe ndiye atakayefanya upasuaji, au awe amezungumza naye. Kipande cha nywele tatu kinachotolewa kwa haraka hutumia njia, huacha kovu, na huweza kuharibu nyama ya kizigeu cha pua ambayo baadaye ndiyo tungeifunikia tundu. Kama picha zinasema kondrosakoma waziwazi na uvimbe unahitaji kutolewa vyovyote vile, mara nyingi kinyama na upasuaji ni tukio moja.

#8 DarubiniMbili

Narudi na maabara, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu makosa mengi ya jina hutokea baada ya kinyama kufika kwetu.

Daktari wa upasuaji akitumia kifyonzeo cha mawimbi au drili pekee, tunaletewa uji. Omba vipande vilivyochukuliwa kwa koleo, hasa vile laini kama jeli, vitenganishwe na vyenye mfupa tangu chumba cha upasuaji. Chupa mbili. Fomalini yenye bafa ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya nyama. Vile laini visipitishwe kabisa kwenye dawa ya kutoa chokaa.

Vyenye mfupa vitolewe chokaa kwa EDTA, si kwa asidi kali. Asidi humaliza kazi kwa saa chache, EDTA huchukua siku, na kila mtu ana haraka. Lakini asidi inakata DNA na inazima rangi za kingamwili, na moja ya zinazozimika ni brakiuri. Hebu fikirini maana yake. Brakiuri ni alama ya kodoma; keratini na S100 ni protini nyingine tunazozitafuta kwa rangi hizo. Kodoma iliyolowekwa kwenye asidi inatoka brakiuri hasi, keratini imefifia, S100 chanya, na mtu anaandika "kondrosakoma". Mgonjwa anapewa matumaini yasiyo yake na dozi ndogo kuliko anayohitaji. Upande wa pili upo pia: kondrosakoma yenye ute mwingi ina seli zilizojipanga kama mnyororo, zinaonekana kama zile zenye mapovu za kodoma, na asiyepiga brakiuri anaandika "kodoma".

Rangi ninazozitaka: brakiuri, keratini pana, EMA, S100. Kondrosakoma ya kawaida: S100 chanya, brakiuri hasi, keratini hasi. Kodoma: brakiuri chanya kwenye kiini cha seli, keratini chanya, na S100 inaweza kuwa chanya pia, kwa hiyo S100 peke yake haina kazi ya kuwatenganisha. Kodoma yenye sura ya gegedu bado ni kodoma, brakiuri itakwambia.

#9 Mganga_wa_Kata

Na ile jeni ya IDH? Kuna maabara ilitoa "IDH hasi" kwa kutumia rangi ya uvimbe wa ubongo.

#10 DarubiniMbili

Swali zuri kuliko unavyodhani. Rangi inayotumika kwa glioma hushika badiliko moja tu, IDH1 R132H. Kwenye gegedu badiliko linaloongoza ni R132C, na mengine yako IDH2. Rangi ile ikitoka hasi haijasema lolote. Asome jeni yenyewe, kodoni 132 ya IDH1 na 172 ya IDH2. Ikipatikana, jina ni kondrosakoma na si kodoma, umemaliza mjadala. Isipopatikana hujakanusha, maana baadhi ya kondrosakoma hazina badiliko hilo. Na kwa mara nyingine: kama ulitumia asidi, DNA ya kusoma huna.

Daraja: kati ya wale 200 wa Boston nusu walikuwa daraja la 1, waliobaki daraja la 2 au mchanganyiko wa 1 na 2. Daraja la 3 kitakoni ni nadra mno. Ukiliona jiulize kwanza kama si aina nyingine. Aina ya mesenkaima ina seli ndogo za duara zilizosongamana, na muungano wa jeni HEY1 na NCOA2. Hiyo ni ya vijana, ni kali, na matibabu yake hayafanani kabisa na tunayoyajadili hapa.

#11 KisuNaEndoskopi

Upasuaji. Niseme msimamo wangu mapema ili mnipinge mkitaka: kwa kondrosakoma ya daraja la 1 na 2, kumwachia mgonjwa neva zake ni muhimu kuliko kutoa chembe ya mwisho. Uvimbe unakua polepole, mabaki yanadhibitika kwa mionzi, neva iliyokatwa haidhibitiki kwa chochote.

Kazi ya kisu ni tatu: kupata jina, kuondoa mgandamizo kwenye shina la ubongo na neva za macho, na kuacha nafasi ya mionzi. Hiyo ya tatu watu huisahau. Milimita chache za nafasi kati ya mabaki na shina la ubongo ndizo zinazoamua kama mtu wa mionzi ataweza kupeleka dozi kamili. Kama huwezi kutoa yote, toa kwanza kile kilichoegemea shina na neva za macho.

Njia hufuata mahali neva zilipo. Uvimbe uliosukuma neva kwenda nje na nyuma, unaingia kwa mbele, puani kwa endoskopi kupitia sfenoidi na klivasi. Ukienda mbali nyuma ya karotidi, unaweza kuongeza njia ya sinasi ya shavu la upande wa pili ili upate pembe. Uliopanda kwenye fosa ya kati (shimo la kati la sakafu ya fuvu), unapita juu ya panja. Ulioshuka nyuma, unapita nyuma ya sikio. Kanuni ni kutovuka neva. Mwingine huhitaji njia mbili kwa siku mbili tofauti, na hilo si kushindwa.

Uzuri wake: gegedu la daraja la chini ni laini, linafyonzwa. Ubaya: vipande vyenye chokaa vimeshikana na karotidi, na ukivuta unapasua. Tumia Doppler ndogo, ya kusikiliza ateri ilipo, kila hatua. Karotidi ikipasuka: mifyonzo miwili mikubwa, bana kwa pamba, mwambie mtu wa usingizi asiiachie presha ianguke, chukua msuli wa paja au shingo, uuponde, ubandike juu ya tundu na ushikilie kwa dakika kadhaa. Kisha moja kwa moja kwenye angiografia, hata kama damu imesimama, kwa sababu uvimbe wa uongo wa ateri hujitokeza siku chache baadaye.

#12 Boriti

Maji ya ubongo kuvuja puani je?

#13 KisuNaEndoskopi

Dura ikifunguliwa kwenye klivasi tundu huwa kubwa na maji yana kasi. Tabaka: kipande cha ndani ya dura, fashia, mafuta ya tumboni, kisha nyama ya kizigeu cha pua yenye mshipa wake wa damu. Nyama hiyo ikunjwe ikae juu ya mfupa ulio wazi. Ikikaa juu ya utando wa pua haishiki. Mrija wa mgongoni nao unasaidia. Jaribio la Pittsburgh la wagonjwa 170 wenye matundu makubwa liliweka mrija wa mililita 10 kwa saa kwa siku tatu, na uvujaji ukashuka kutoka asilimia 21.2 hadi 8.2.

Mgonjwa asipenge pua, akipiga chafya afungue mdomo, asijikamue chooni. Maji meupe yenye ladha ya chumvi yanayodondoka akiinama ni ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kliniki, maana kinachofuata ni homa ya uti wa mgongo.

#14 Mionzi_Taratibu

Nimesubiri zamu yangu.

Wale 200 wa Boston walipata upasuaji kisha mionzi ya protoni, mara nyingi ikichanganywa na fotoni (miale ya aina ya eksirei), dozi ya kati ikiwa kama 72 Gy(RBE). Baada ya miaka 10 asilimia 98 uvimbe ulikuwa haujarudi pale pale. Ndizo takwimu zinazonifanya niungane na #11 kuhusu neva.

Gy ni grei, kipimo cha dozi ya mionzi, na kinachoitwa Gy(RBE) ni dozi ya protoni iliyozidishwa na 1.1 ili ilingane na fotoni. Dozi ya kawaida ya kondrosakoma ni karibu 70 Gy(RBE), 1.8 hadi 2 kwa kikao, siku tano kwa wiki, wiki saba hivi. Kodoma hupewa zaidi, 74 au juu yake, ndiyo maana jina sahihi ni fedha na ni uhai. Ayoni za kaboni, kama wanavyofanya Heidelberg, ni 60 kwa vikao 20.

Kwa nini protoni? Miale ya fotoni hupita na kutokea upande wa pili. Protoni humwaga nguvu zake karibu na mwisho wa safari kisha husimama. Uvimbe umekaa sentimita moja au pungufu kutoka shina la ubongo, ambalo uso wake hatupendi uzidi 60 hadi 64 na katikati yake 53 hadi 55. Neva za macho na makutano yake, 54 hadi 60. Kokilia, wastani chini ya 45 ukitaka sikio libaki.

Makosa ya mipango ninayoyajua: sinasi iliyokuwa na hewa siku ya CT ya mipango imejaa kamasi wiki ya tatu, na protoni zinasimama mapema kuliko ulivyopanga. Rudia CT katikati ya matibabu. Vyuma vya titani vinachafua picha na kupotosha umbali. Daktari wa upasuaji akijua mgonjwa anakwenda protoni, apunguze vyuma na aandike kwenye ripoti alijaza mafuta wapi.

#15 Boriti

Huku kwetu protoni hakuna. Fotoni haifai kabisa?

#16 Mionzi_Taratibu

Inafaa kwa baadhi. Mabaki madogo yaliyo mbali na shina na neva za macho yanaweza kupigwa kwa kikao kimoja, kwa mashine kama Gamma Knife au CyberKnife, dozi ya pembeni karibu 15 Gy, mradi neva za macho zisizidi 8 hadi 10. Au LINAC (mashine ya fotoni) ya kisasa yenye miale ya kurekebishwa ukali, vikao vingi, 66 hadi 70, kama nafasi ipo. Ile nafasi aliyoisema #11. Kisichofaa ni kupeleka 50 kwa sababu shina limezuia, ukasema amepata mionzi. Gegedu halisikii 50, na dozi hiyo imeshakula sehemu ya uvumilivu wa shina. Yule wa protoni atakayempokea baadaye hana tena pa kuweka.

Kwa wanaosafiri, wengi wa Afrika Mashariki huelekea India, na Chennai kuna kituo cha protoni tangu 2019. Hesabu miezi miwili hadi miwili na nusu ya kukaa: barakoa ya kushikilia kichwa, CT na mipango ni wiki moja hadi mbili kabla ya kikao cha kwanza. Faili liwe na picha zote za DICOM (mafaili halisi ya mashine) kwenye CD, kabla na baada ya upasuaji (picha ya simu ya filamu kupitia WhatsApp haipangi matibabu), bloku za nta pamoja na slaidi, ripoti ya upasuaji, kipimo cha usikivu, uwanja wa kuona, na homoni za awali.

#17 KisuNaEndoskopi

Napinga jambo moja la #14, au nalipunguza. Daraja la 1, lililotolewa lote, MRI ya miezi mitatu ikiwa safi: si lazima mionzi papo hapo. Kuangalia tu ni chaguo halali, hasa kwa kijana ambaye ana miaka hamsini mbele ya kupata madhara ya mionzi.

#18 Mionzi_Taratibu

Nakubali kwa masharti mawili. "Lote" liwe la MRI na si la macho ya mpasuaji, na mgonjwa awe mtu atakayerudi kupigwa picha. Akiwa anaishi siku mbili kutoka MRI ya karibu, na nauli ni ya kuchangiwa, "tutaangalia" ni neno tu. Daraja la 2 au mabaki, mionzi.

#19 Mganga_wa_Kata

Kemo? Ndugu wa mgonjwa huuliza kila siku.

#20 DarubiniMbili

Kwa kondrosakoma ya kawaida kemo haina kazi ya maana. Seli zinagawanyika polepole, mishipa ya damu haba. Aina ya mesenkaima ndiyo hupewa dawa za mtindo wa saratani ya mfupa ya Ewing: vinkristini, doksorubisini, siklofosfamaidi, zikipokezana na ifosfamaidi na etoposaidi. Ivosidenibu, kidonge cha kuzuia IDH1 iliyobadilika, ilijaribiwa kwa wagonjwa 21 wa kondrosakoma ya mwili kwa ujumla. Ugonjwa ulitulia kwa nusu yao hivi, kwa miezi. Si tiba ya kumwahidi mtu.

Na mgonjwa kijana mwenye uvimbe huu, mtazame vidole na mikono. Vinundu vingi vya gegedu kwenye mifupa ni ugonjwa wa Ollier. Vikiwa pamoja na vimbe vya mishipa ya damu kwenye ngozi, ni Maffucci. Hawa hupata kondrosakoma ya fuvu wakiwa wadogo kiumri, na wengine huwa nayo bila dalili. MRI ya kichwa ni haki yao.

#21 NevaKumiNaMbili

Ufuatiliaji, kwa kuwa hakuna aliyeugusa. MRI ndani ya siku tatu baada ya upasuaji, nyingine mwezi wa tatu, kisha kila miezi 6 hadi miaka 5, kisha kila mwaka. Usimwage mgonjwa mwaka wa tano. Uvimbe huu hurudi hata baada ya miaka kumi.

Mwambie mapema kwamba mabaki yaliyopigwa mionzi huenda yasipungue hata milimita. Yakikaa vile vile, tumeshinda. Asiyeambiwa hili huenda kutafuta upasuaji wa pili asiouhitaji.

Homoni kila mwaka: kotisoli ya saa mbili asubuhi, T4 huru (homoni ya tezi ya shingo), homoni za uzazi, prolaktini. Msiagize TSH peke yake, ile homoni ambayo pituitari (tezi iliyo chini ya ubongo) huiamrishia tezi ya shingo. Pituitari ndiyo iliyochoka, kwa hiyo TSH inaweza kusoma kawaida huku T4 iko chini. Na kotisoli irekebishwe kabla ya kumpa tiroksini, la sivyo unaweza kumwangusha.

Kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu, au baadaye, doa linalokunywa dawa kwenye sehemu ya panja ya ubongo (ubongo wenyewe, si mfupa) huweza kuwa nyama iliyokufa kwa mionzi. Linganisha na ramani ya dozi kabla ya kuliita uvimbe uliorudi. Deksamethasoni kwanza, ikishindikana bevasizumabu.

#22 Boriti

Shukrani wakuu. Swali la mwisho: tukipokea ripoti ya maabara imeandikwa tu "kondrosakoma, S100 chanya", tufanye nini?

#23 DarubiniMbili

Irudisheni, kwa adabu. Ombeni iandikwe: brakiuri hasi na slaidi ya kidhibiti ilitoka chanya, keratini hasi, chokaa kilitolewa kwa nini na kwa muda gani, daraja, ni kiasi gani cha nyama hakikuguswa na dawa ya chokaa. Kama wameshatumia asidi, waulizeni bado wana bloku ya vipande laini. Kama hawana, waulizeni mpasuaji kama kuna kipande kilichobaki, kabla ya mgonjwa kutoka wodini.